Shirley Chisholm: Mwalimu wa Chekechea Aliyewasemea Watumishi wa Nyumbani Bungeni



Kamati ya jumuiya ilipoandaa toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wanawake Duniani, Machi 8, ilituomba sisi walimu tuandike habari za mwanamke mmoja aliyewatetea wanyonge ndani ya Bunge. Tumemchagua Shirley Chisholm wa Marekani, aliyeaga dunia tarehe 1 Januari 2005. Wapo watakaouliza kwa nini twende mbali hivyo. Jibu letu ni kwamba mambo aliyoyasemea ndiyo yale yale yanayosemwa hapa kila siku kwenye foleni ya maji na mbele ya ghala la mgao: nani anapewa chakula na nani anaachwa, nani anabaki na mtoto wakati mama yuko kibaruani, na kwa nini kazi ya kufua, kupika na kulea haihesabiwi kuwa kazi. Isitoshe alikuwa mwalimu, na hatufichi kwamba jambo hilo nalo limetuvuta.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1924 huko Brooklyn, katika jiji la New York, akiitwa Shirley Anita St. Hill. Wazazi wake walikuwa wageni katika nchi hiyo. Baba alizaliwa Guyana, iliyokuwa wakati huo koloni la Mwingereza, naye akafanya kibarua katika kiwanda cha magunia. Mama alitoka kisiwa cha Barbados. Alikuwa fundi wa kushona, tena akafanya kazi katika nyumba za watu. Maisha yalipozidi kuwa magumu waliona hawana njia ya kulea watoto na kutafuta pesa kwa wakati mmoja, wakawapeleka mabinti wao Barbados kwa bibi mzaa mama, ambaye alikuwa na shamba dogo. Shirley alikuwa angali mtoto mdogo sana. Walikaa kule wakisoma shule ya kijiji yenye chumba kimoja, wakichota maji na kulisha kuku, hadi mwaka 1934 waliporudishwa kwa wazazi.

Aliporudi Brooklyn aliwekwa darasa la chini kuliko uwezo wake, kwa sababu hakujua historia na jiografia ya Marekani. Kusoma na kuandika alikuwa anajua kuliko wenzake wengi, lakini hakuna aliyempima kwa hayo. Wazazi wengi wa hapa kambini hawahitaji kuelezwa habari hii. Mtoto aliyekuwa darasa la tano kwao anavuka mpaka, anaambiwa arudi la tatu kwa ajili ya lugha, na baada ya miezi miwili amekuwa mtundu kwa sababu amechoka kukaa. Shirley naye alikuwa mtundu, mpaka alipopewa mwalimu wa kumsaidia akawafikia wenzake.

Alimaliza chuo cha Brooklyn mwaka 1946, akaanza kazi kama msaidizi wa mwalimu katika kituo cha kulea watoto huko Harlem. Alikaa pale hadi 1953, huku jioni akisoma Chuo Kikuu cha Columbia mpaka akapata shahada ya pili katika elimu ya watoto wadogo. Kuanzia 1954 hadi 1959 aliongoza kituo kingine kikubwa huko Manhattan, kisha akawa mshauri wa jiji kuhusu vituo vya namna hiyo hadi mwaka 1964. Tunaitaja miaka hii kwa makusudi. Karibu miaka ishirini kabla ya kuingia katika Bunge lolote, alikuwa akiwapokea asubuhi watoto ambao mama zao walikuwa wanakimbilia basi kwenda kufagia na kupika katika nyumba za watu wengine, tena kulea watoto wa watu wengine. Alijua mama anachelewa kwa sababu gani jioni. Alijua mshahara ule unatosha siku ngapi. Baadaye aliposimama mbele ya wanasheria na matajiri waliojaa Bungeni, alikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho.

Sasa tueleze kidogo sheria ilivyokuwa, maana bila hilo habari yote haieleweki. Mwaka 1935 Marekani ilipitisha sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyoanzisha malipo ya uzeeni na bima ya kukosa kazi. Mwaka 1938 ikapitisha sheria ya kima cha chini cha mshahara na saa za kazi. Sheria hizo mbili husifiwa sana katika vitabu, na kwa haki. Lakini zote mbili ziliacha nje wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa majumbani. Haikuandikwa popote kwamba watu weusi wasipate; haikuwa lazima kuandika. Katika majimbo ya kusini shamba na jiko la mzungu ndizo kazi walizoachiwa watu weusi wengi, na mwanamke mweusi hasa ndiye aliyekuwa jikoni. Ukiandika kwamba jiko halimo, umekwisha kumtoa yeye bila kumtaja kwa rangi wala kwa jina. Watumishi wa nyumbani waliingizwa katika malipo ya uzeeni mwaka 1950. Kima cha chini cha mshahara kiliendelea kuwapita kando kwa miaka 36.

Mama Chisholm (hapa kwetu hatuwezi kumwita vinginevyo) alichaguliwa kuingia Bunge la jimbo la New York mwaka 1964, akakaa humo kuanzia 1965 hadi 1968. Huko alifanya mambo ambayo tungependa yajulikane zaidi kuliko yanavyojulikana. Alisaidia kupatikana kwa bima ya kukosa kazi kwa watumishi wa nyumbani katika jimbo hilo. Alisimamia mpango wa kuwaingiza vyuo vikuu vijana wa familia maskini waliokuwa na akili lakini hawakufundishwa vizuri. Tena alipigania sheria iliyowalinda walimu wanawake: kabla yake mwalimu aliyeacha kazi kwa muda ili ajifungue alikuwa anapoteza miaka yake ya utumishi, akirudi anaanza upya kama mgeni. Walimu wenzetu wa kike watalisoma jambo hili mara mbili.

Mwaka 1968 eneo jipya la uchaguzi lilichorwa Brooklyn, likihusisha Bedford-Stuyvesant, mahali palipokaa watu weusi na watu wa Puerto Rico. Aliyeshindana naye alikuwa James Farmer, mtu mwenye jina kubwa katika harakati za haki za watu weusi, ambaye kampeni yake ilisisitiza kwamba watu wa pale wanahitaji sauti ya mwanamume huko Washington. Mama Chisholm alitazama daftari la wapiga kura akaona wanawake walioandikishwa ni wengi kuliko wanaume. Akaenda kwa vikundi vya akina mama, makanisani, ngazi kwa ngazi katika majumba ya ghorofa, na kwa akina mama wa Puerto Rico alisema Kihispania, kwa kuwa alikuwa amejifunza. Alishinda kwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Januari 1969 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuketi katika Kongresi ya Marekani.

Walipomfikisha pale walimpangia Kamati ya Kilimo, na ndani yake kamati ndogo ya misitu na vijiji vya mashambani. Yeye mbunge wa mtaa ambao hauna hata shamba la mchicha! Desturi ilikuwa mbunge mpya anyamaze, apokee anachopewa, angoje uzee. Alimwendea Spika, akaambiwa avumilie kama askari mwema. Hakuvumilia. Alisimama katika kikao cha chama chake akapinga mbele ya watu wote, na mwishowe akahamishiwa Kamati ya Maveterani. Alisema kwa ucheshi kwamba Brooklyn maveterani ni wengi kuliko miti. Mwaka 1971 ndipo alipopata alichokitaka tangu mwanzo, yaani Kamati ya Elimu na Kazi.

Kuna habari inayosimuliwa sana huko Brooklyn juu ya siku zile za Kamati ya Kilimo. Inasemekana kwamba kiongozi mkuu wa Wayahudi wa mtaa wa Crown Heights, Rabi Menachem Schneerson, alimwita akamwambia asione ametupwa, kwani nchi ina ziada ya chakula na watu wenye njaa, basi atafute njia ya kuvikutanisha. Kwa vyovyote vile, alichokifanya kuhusu chakula kiko wazi. Alikuwa miongoni mwa wabunge waliosukuma kupanuliwa kwa kuponi za chakula, na aliunga mkono mpango wa lishe kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo, uliopitishwa mwaka 1972 kwa pendekezo la Seneta Hubert Humphrey na kuanza kufanya kazi mwaka 1974. Wanaopanga mstari kliniki kwa ajili ya unga wa lishe wataelewa bila maelezo mpango huo ulikuwa wa namna gani. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alipokataa sheria ya chakula cha mchana mashuleni, Mama Chisholm alikuwa mbele katika kuwakusanya wabunge, na Oktoba mwaka huo huo Kongresi ikaipitisha sheria ile juu ya kura ya turufu ya Rais.

Ofisini kwake aliajiri wanawake tangu siku ya kwanza, na nusu yao walikuwa weusi. Hapa tuseme neno kwa wasomaji wetu wa mashirika. Mwaka 2001 UNHCR ilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi, na katika hizo imo kwamba wanawake washiriki katika kamati zote za uongozi, waandikishwe kila mmoja kwa jina lake na kupewa hati, na washiriki katika kusimamia na kugawa chakula. Ahadi hizo tunazijua na tunazithamini. Lakini mama anaweza kuwekwa kwenye kamati ya misitu. Anahesabiwa, jina lake linaandikwa katika ripoti, na mambo ya unga na mafuta yanaamuliwa katika chumba kingine. Mwenye kusoma habari hii aangalie pia ni kamati ipi.

Turudi Bungeni. Tarehe 21 Mei 1969 alitoa hotuba kuhusu haki sawa kwa wanawake, na Agosti 1970 akaitetea tena kwa nguvu hoja ya kuingiza usawa huo katika Katiba. Alisema waziwazi kwamba katika siasa alikuwa amebaguliwa zaidi kwa kuwa mwanamke kuliko kwa kuwa mweusi. Neno hilo liliwaudhi wanaume wengi weusi. Wanawake wazungu nao walilipokea kwa furaha, ila wengine wao hawakupenda alipoendelea kuwauliza ni nani anayewalelea watoto wakati wao wanakwenda mikutanoni. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye uzito wa mchango wake. Wanawake wenye elimu walidai mlango wa kazi ufunguliwe. Kwa mama mweusi, au mama wa Puerto Rico, mlango wa kazi ulikuwa wazi siku zote, tena alilazimishwa kuupita. Alichokosa yeye ni malipo, na mtu wa kumwachia mtoto.

Basi mwaka 1971, pamoja na Bella Abzug wa New York, alipeleka muswada wa kujenga vituo vya kulea watoto nchi nzima, kwa gharama ambayo ingepanda hadi dola bilioni 10. Kilichopitishwa na mabaraza yote mawili kilikuwa kidogo kuliko hicho, lakini bado kilikuwa kikubwa. Tarehe 9 Desemba 1971 Rais Richard Nixon akakikataa, akisema kwamba serikali isiunge mkono malezi ya pamoja dhidi ya malezi ya familia. Kura za kumshinda hazikutosha. Ikumbukwe kwamba Rais huyo huyo alikuwa anataka akina mama wanaopokea msaada wa serikali waende kazini. Mtoto abaki na nani, hilo halikujibiwa, na familia nyingi za Marekani zinaendelea kulihangaikia mpaka leo.

Kuhusu msaada wenyewe, yaani ule wa fedha kwa familia zenye watoto zisizo na kipato, inafaa tueleze ulivyokuwa ukisimamiwa. Katika majimbo kadhaa mama alinyimwa msaada ikionekana kuna mwanamume anayemtembelea, hata kama mwanamume huyo si baba wa watoto wala hatoi senti. Maofisa walikuwa wakibisha hodi usiku wa manane kutafuta viatu vya kiume chini ya kitanda. Mahakama ya Juu iliifuta kanuni ya namna hiyo ya jimbo la Alabama mwaka 1968. Mama Chisholm alipoingia Kongresi mwaka uliofuata, alizungumza juu ya akina mama hao kama watu wenye haki, akaunga mkono kila familia ihakikishiwe kipato cha chini kabisa kwa mwaka. Kipato hicho hakikupatikana. Hata hivyo, kumsemea anayepokea msaada bila kumdharau si jambo dogo, na sisi tunaoishi kwa kadi ya mgao tunalijua hilo kuliko wengi. Siku ya uhakiki mtu hupenda aulizwe maswali kama mtu.

Tarehe 25 Januari 1972, katika kanisa la Kibaptisti la Concord huko Brooklyn, alitangaza kugombea Urais kupitia chama cha Democratic. Mtu mweusi hakuwa amewahi kutafuta nafasi hiyo katika chama kikubwa, wala mwanamke katika chama cha Democratic. Hatutakaa sana hapa, maana hii ndiyo sehemu ya maisha yake inayosimuliwa kila mahali. Fedha hakuwa nazo, wanasiasa wengi weusi hawakumfuata, na wanawake maarufu waliomsifu hadharani waligawanyika ilipofika siku ya kura. Katika mkutano mkuu huko Miami Beach alipata kura 152 za wajumbe, na George McGovern ndiye aliyeteuliwa.

Lakini lilitokea jambo katika kampeni hiyo ambalo lina uhusiano na habari yetu. Mmoja wa washindani wake alikuwa George Wallace, Gavana wa Alabama, yule aliyeapa mwaka 1963 kwamba weusi na weupe watatengwa milele. Tarehe 15 Mei 1972 Wallace alipigwa risasi akapooza. Mama Chisholm alikwenda kumwona hospitalini. Watu wake walikasirika kabisa, wakasema amewasaliti. Wallace mwenyewe alimuuliza watu wako watasema nini. Yeye akamjibu kwamba anajua watakavyosema, lakini asingependa yaliyompata Wallace yampate mtu yeyote. Inasemekana yule bwana alilia.

Huku nyuma watumishi wa nyumbani wenyewe walikuwa wameanza kujipanga. Huko Atlanta, mwaka 1968, Dorothy Bolden, ambaye alianza kazi za majumbani tangu utotoni, aliunda chama cha watumishi, na sharti moja la uanachama lilikuwa mtu ajiandikishe kupiga kura. Mwaka 1971 mamia ya akina mama wa kazi hizo walikutana Washington katika mkutano wao wa kwanza wa taifa, ulioandaliwa na kamati iliyoongozwa na Edith Barksdale Sloan, na Mama Chisholm alikuwa mmoja wa waliowahutubia. Kwa hiyo ni makosa kuandika, kama wengine wanavyoandika, kwamba alikwenda kuwaletea haki watu waliokuwa wamelala. Walikuwa macho. Walichokosa ni mtu wao katika chumba kile cha kura, na sasa walikuwa naye, tena binti wa mwanamke aliyewahi kufanya kazi hiyo.

Muswada wa kupandisha kima cha chini cha mshahara na kuwaingiza watumishi wa nyumbani ulifika kwa Rais mwaka 1973. Waliopinga walikuwa na hoja zao. Walisema mwenye nyumba wa kawaida hataweza kulipa, kwa hiyo atamfukuza mtumishi, na yule tunayetaka kumsaidia ndiye atakayepoteza kazi. Walisema haiwezekani serikali kuingia jikoni kwa mtu kuhesabu saa. Wengine waliufanyia jambo lote mzaha, kwamba sasa hata mke wa mtu atadai mshahara. Mama Chisholm na wenzake walijibu kwamba mtu anayefanya kazi siku nzima kisha anabaki anategemea msaada wa serikali, ni serikali inayomlipia tajiri mtumishi wake. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu iliwabana wale wale waliokuwa wakipiga kelele kuhusu gharama za msaada. Hata hivyo tarehe 6 Septemba 1973 Nixon aliukataa muswada, na theluthi mbili za kuushinda uamuzi wake hazikufika.

Mwaka 1974 ukarudishwa. Safari hii zilihitajika kura za wabunge wa kusini, watu ambao baba zao ndio walioliacha jiko nje mwaka 1938. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba George Wallace alimsaidia kwa kuzungumza na baadhi ya wabunge hao. Sisi tunaoishi kambi moja na watu ambao ndugu zao walipigana na ndugu zetu, tumeijadili sana habari hii katika chumba cha walimu, na hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema mtu kama Wallace hastahili hata salamu. Mwingine akasema kura ya adui inahesabika sawa na ya rafiki, na mama anayefua hatauliza ilitoka wapi.

Nixon alitia saini tarehe 8 Aprili 1974. Kuanzia Mei 1 mwaka huo mtumishi wa nyumbani alitakiwa kulipwa si chini ya dola 1.90 kwa saa, na kiwango kikapanda kidogo kidogo mpaka kufikia dola 2.30 mwaka 1977. Waliohusika walizidi milioni moja. Sheria ilikuwa na matundu yake. Wanaolala kwa mwajiri hawakupewa malipo ya ziada kwa saa za ziada, na waliokaa na wazee au wagonjwa wakihesabiwa kuwa ni wa kuwasindikiza tu waliachwa nje kabisa. Tundu hilo la mwisho lilikaa miaka 40: kanuni ya kuliziba ilitolewa mwaka 2013 ikaanza kutumika mwaka 2015, na mwaka 2025 serikali iliyofuata ikapendekeza kulifungua tena. Wengi wa wanaofanya kazi hiyo ya kutunza wazee ni wanawake weusi na wahamiaji, na miongoni mwao wamo dada zetu waliohamishiwa Marekani kutoka makambi ya ukanda huu. Wakitupigia simu hutusimulia habari za zamu za usiku.

Tumeacha mpaka sasa jambo linalotugusa moja kwa moja. Katika miaka ya 1970 watu wa Haiti walianza kuvuka bahari kwa mashua mbovu wakikimbia utawala wa Duvalier, wakifikia pwani ya Florida. Wakuba waliotoka katika serikali ya kikomunisti walipokelewa, na tangu sheria ya mwaka 1966 walikuwa na njia ya kupata ukaazi. Wahaiti waliambiwa kwamba wao wanakimbia umaskini tu, kwa hiyo si wakimbizi, wakafungwa au kurudishwa. Machi 1980 Marekani ilipitisha sheria mpya ya wakimbizi, isiyobagua nchi mtu anayotoka. Mwezi uliofuata Wakuba wapatao 125,000 wakaanza kumiminika kutoka bandari ya Mariel, na tofauti ya mapokezi ikaonekana kwa macho.

Mama Chisholm aliongoza kikundi cha wabunge weusi kilichoshughulikia wakimbizi wa Haiti. Alifika mbele ya kamati za Kongresi akauliza kinachowatenganisha watu wawili waliofika ufuo mmoja katika mwezi mmoja ni nini, kama si rangi na siasa za aliyewatesa. Alikataa mgawanyo ule wa umaskini upande huu na mateso upande ule; katika nchi ambako askari wa mtawala wanakunyang'anya shamba na mazao, alisema, njaa yako ni jambo la kisiasa. Sisi tuliokaa mbele ya meza ya mahojiano, tukaulizwa ulikimbia vita au ulifuata posho, tunaijua kalamu inavyosita juu ya karatasi mahali hapo.

Juni 1980 serikali ya Rais Carter iliwapa Wakuba na Wahaiti hadhi moja ya muda, hatua ambayo kabla ya hapo Wahaiti hawakuitarajia. Haikuwa hadhi ya ukimbizi, wala haikuzuia yaliyofuata: Septemba 1981 Rais Reagan aliamuru mashua za Wahaiti zizuiwe baharini kabla hazijafika. Mwaka huo pia mipango mingi ya chakula na msaada aliyoijenga Mama Chisholm ilikatwa. Mwaka 1982 alitangaza hatagombea tena, kwa sehemu kwa sababu mume wake alikuwa ameumia vibaya katika ajali ya gari, na kwa sehemu kwa kuwa Bunge lilikuwa limebadilika. Aliondoka Januari 1983 baada ya miaka 14.

Wahaiti na Wakuba wale waliopewa hadhi ya muda walifunguliwa njia ya kuomba ukaazi wa kudumu kwa sheria ya mwaka 1986. Wakati huo Mama Chisholm alikuwa chuo cha Mount Holyoke, jimbo la Massachusetts, amerudi darasani kufundisha.